Wembe Ukiwa Shingoni

Matokeo yalibandikwa asubuhi kwenye ukuta wa shule, karibu na bomba la maji, nami nikayasoma nikiwa nyuma ya watu ninaowajua kwa visogo. Wengine hukumbuka sura. Kazi yangu imenizoesha visogo. Kile chenye kovu ni cha fundi bomba. Kile kinene chenye mikunjo ni cha mwenye duka la dawa. Wote nimewanyoa miaka na miaka, wote waliniahidi kura, na sasa wote walikuwa wanaisoma karatasi ile kimya. Hakuna aliyegeuka.

Nilishindwa kweupe. Mpinzani wangu, muuza mbao, hata angezitupa nusu ya kura zake jalalani, bado angenishinda. Nilisoma tena nikitafuta kosa, kama mtu anayepapasa mfuko aliokwisha kujua kuwa umetoboka, kisha nikaondoka kabla fundi bomba hajapata ujasiri wa kunipa pole.

Kibanda changu kina kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa pembeni, na mlango wa nyuma unaoingia chumbani kwangu. Tangu mke wangu afariki, maisha yangu yote yamekuwa kati ya mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Binti yangu yuko mbali, ana kazi na watoto, hupiga simu akipata nafasi. Simlaumu. Usiniulize mara ya pili.

Udiwani wenyewe sikuutafuta. Mtaro wa mbele ya kibanda uliziba, maji machafu yakawa yananiingilia ndani, nami nikawa namlalamikia kila aliyekaa kwenye kiti. Siku moja mwalimu mmoja mstaafu, povu limemjaa kidevuni, akaniambia, "Gombea basi, mzee, maana umetuchosha." Alikuwa anatania. Mimi nikagombea.

Hapo ndipo kibanda kilipojaa. Mwalimu, kwa aibu ya utani wake nadhani, akawa mkuu wa kampeni, akaazima benchi ndefu shuleni na kuiweka mbele ya mlango wangu. Mama Uji, aliyekuwa rafiki wa marehemu mke wangu na ambaye mpaka leo ananiita shemeji, akahamisha sufuria yake kutoka njia panda akaja kuuzia uji kwangu, ili wapiga kampeni wasianze siku na tumbo tupu. Kijana wa pikipiki akafunga kipaza sauti kwenye usukani, akazunguka mtaa mzima akitangaza kwamba Mzee Wembe anakuja. Hilo jina alilibuni yeye. Mke wangu angelicheka mpaka machozi.

Ilikuwa kelele tupu. Waligombania rangi ya mabango, waligombania nani apande jukwaani kwanza, waligombania hata sukari ya kwenye uji. Kikombe changu kilipotea kila siku kwa sababu kila siku kulikuwa na mtu aliyekinywea. Nilifoka, nikawaita wezi, na moyoni nilifurahi kwamba sasa kuna mtu wa kunipotezea kikombe.

Mahesabu ya kura niliyafanya mwenyewe. Mwalimu alitaka tupite nyumba kwa nyumba na kuuliza, nikamwambia aache kuchosha miguu ya watu, majibu yote ninayo hapa kwenye kiti. Kila mteja nilimuuliza. Nilisubiri mashine imalize kichwa, nikafungua wembe mpya, nikamwinua kidevu, na nilipofika kwenye ndevu za shingoni nikasema, "Vipi, tuko pamoja?" Wote walijibu tuko pamoja. Wengine walijibu hata kabla sijamaliza kuuliza. Katika kampeni nzima sikupata mteja hata mmoja aliyenikatalia, na nilijisifu kwa hilo mbele ya watu.

Ni muuza mbao tu ambaye sikumuuliza, kwa kuwa aliacha kuja. Alikuwa mteja wangu tangu sote wawili tuna nywele nyeusi, lakini tangu alipotangaza kugombea hakukanyaga tena kibandani. Alikwenda kunyolewa kwingine, na huko walimharibu. Kwenye mabango yake kichwa kilionekana kama shamba lililolimwa na walevi. Niliwaambia watu wa kwenye benchi, "Anauogopa wembe wangu. Mwoga huyo." Walicheka sana. Kila nilipolirudia walicheka, nami nikalirudia mno.

Basi niliporudi kutoka shuleni niliwakuta wote pale mbele ya mlango. Mama Uji alikuwa amekaa na mwiko mkononi, hakorogi. Kijana wa pikipiki alikuwa amesimama na mabango yaliyobaki ameyakumbatia. Mwalimu alikuwa anatembea huku na huko, na koti lake la kampeni, ambalo alilivaa hata jua likiwaka.

"Tunakataa," alisema aliponiona. "Mzee, hatuyatambui. Tunakwenda mahakamani."

"Kwa kosa gani?"

"Kosa litapatikana! Kwani kuna uchaguzi usio na kosa? Wewe tia sahihi tu. Kesi itachukua miezi. Tutakutana hapahapa kila asubuhi, tupange mashahidi, tupange hoja. Kampeni haijaisha, mzee. Ndiyo kwanza inaanza."

Kila asubuhi, hapahapa. Neno lile liliniingia kama uji wa moto tumboni mwa mwenye njaa. Niliitazama benchi, jinsi ilivyolainishwa na makalio ya watu wangu. Nilimtazama Mama Uji, vikombe vyake, kikombe changu mkononi mwa mtu mwingine. Kesi ya miezi. Hata mwaka, mawakili wakiwa wavivu. Sikuufikiria udiwani hata kidogo, na mtaro nao ulikuwa umenitoka kichwani kabisa.

"Ngoja ninawe uso," nikasema, nikaingia chumbani.

Sikunawa. Nilikaa kitandani nikampigia binti yangu.

"Baba! Vipi, umepita?"

"Sijapita."

"Pole baba yangu. Wamekuibia?"

"Hapana. Nimeshindwa tu."

"Basi kubali yaishe. Si ndivyo ulivyotufundisha? Asiyekubali kushindwa si mshindani." Nyuma yake niliwasikia watu wakimwita. "Baba, niko kazini, kuna kitu kingine?"

Kilikuwepo. Nilitaka kumwambia kwamba nikikubali, hawa watu wataondoka. Kwamba nimekaa peke yangu muda mrefu mno, nimefika mahali pa kuzungumza na kioo, na kioo hakina habari mpya. Kwamba kukosa kiti cha baraza hakuniumi, ninachoogopa ni jioni.

"Hakuna," nikasema. "Fanya kazi, mama."

Methali ile hupendwa sana na wale ambao hawakugombea. Lakini nilibaki pale kitandani nikiwasikia wakibishana nje, Mwalimu akimtajia mtu majina ya mashahidi, na nikatambua jambo lililonitia aibu. Mwalimu angeacha wajukuu wake kwa ajili ya kesi ile. Mama Uji hapati wateja wa maana hapa kwangu, wateja wake wako njia panda, na alikuwa ananyamaza kwa heshima. Kijana angeendelea kuchoma mafuta ya pikipiki yake akitangaza jina la mtu aliyeshindwa. Wote wangeshikiliwa na uongo, na mwenye kuwashikilia ningekuwa mimi, kwa sababu tu sipendi kula peke yangu.

Nikatoka.

Hotuba niliyokuwa nayo ilikuwa ya ushindi, Mwalimu aliniandikia, na haikufaa tena. Nilisimama kizingitini bila hata kujua mikono niiweke wapi, nikashika brashi ya kupangusia nywele.

"Jamani," nikasema, "tumeshindwa. Hatukuibiwa. Muuza mbao amepata kura nyingi kwa sababu watu wengi wamempenda yeye, na leo hii nakwenda kumpa mkono. Hakuna kesi."

Mwalimu alifungua mdomo. Nikamwinulia brashi.

"Ngoja, Mwalimu, nikushukuru kabla hujanitukana. Wewe ulinifundisha kusimama mbele ya watu. Nilikuwa nasimama kama mtu anayesubiri choo. Ukaniambia, 'Mzee, tazama mtu mmoja, zungumza naye, wengine watasikia.' Sijawahi kuwa na mwalimu mwingine uzeeni.

"Mama Uji, shemeji yangu. Uliimba mpaka sauti ikakauka, ukauza uji kwa kunong'ona wiki nzima. Marehemu angekuona, angekuonea wivu. Rudi njia panda, wateja wako wanakungoja.

"Na wewe kijana, uliniita Mzee Wembe mpaka watoto wadogo wakawa wananikimbia. Asante. Hujawahi kunidai hata tone la mafuta. Mimi sina cha kuwalipa. Nilikuwa mtu wa peke yangu, mkanifanya mtu wa watu. Hicho nilichopata hakikubandikwa kwenye ukuta wa shule, lakini nimekipata, na nawashukuru."

Hapo nikajifanya nakung'uta brashi.

Mama Uji alilia waziwazi, akajifuta kwa khanga. Kijana alipiga makofi, wengine wakamfuata, makofi machache ya watu wasiojua kama inafaa. Mwalimu hakupiga. Alivua lile koti, akalikunja vizuri sana, akaliweka kwenye benchi.

"Umetuangusha," akasema. "Hukutuuliza hata maoni."

"Ningewauliza mngekubali kubaki."

"Sasa kwani ubaya wake nini?"

Niliishusha brashi. Alinitazama kidogo, akanipa mkono, mkono mkavu, akaondoka bila kugeuka.

Waliobaki hawakukaa sana. Mama Uji aliumwagia moto maji na kijana akambebea sufuria mpaka njia panda. Mlinzi wa shule akaja na mwenzake kuchukua benchi yao. Aliniuliza kwa adabu kama bado ninaihitaji, nikasema hapana. Walipoinyanyua niliona alama nne ardhini, pale miguu ya benchi ilipokuwa imezama. Chini ya benchi nilikipata kikombe changu.

Nilitaka kulala. Lakini nilikwisha kusema nitampa mkono, na mwanamume hamezi maneno yake. Nikachukua mkoba wa kazi kwa mazoea tu, sikuwa na mpango wowote, nikaenda kwenye uwanja wa mbao.

Nyimbo nilizisikia tangu mbali. Nilipoingia getini zikapungua, halafu zikakatika. Watu walinipisha njia, na mmoja nikamsikia akinong'ona, "Ana mkoba wa nyembe." Muuza mbao alikuwa katikati yao, amekaa juu ya rundo la mbao, shati limelowa jasho. Alisimama.

"Nimekuja kukupa hongera," nikasema. "Umenishinda kihalali, na nitamwambia hivyo kila atakayeniuliza. Nakuomba kitu kimoja tu, mtaro."

"Mtaro nimeusikia," akasema. "Nani hajausikia?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, na hewa ikarudi. Tukashikana mikono. Kwa karibu hivyo nilikiona vizuri kichwa chake, nikashindwa kujizuia.

"Ndugu yangu, utakula kiapo na kichwa hiki?"

Alijipapasa kisogo. "Kibaya sana?"

"Aliyekunyoa alikuwa anakuchukia kuliko mimi."

Watu wakacheka tena, na nadhani ni kicheko kile kilichomfanya akae nimnyoe. Alikaa tu, akainamisha kichwa, na mtu akaleta ndoo ya maji. Nilimfunga kitambaa shingoni, nikaweka sawa vile vishimo vyote kwa mashine, nikapaka povu. Kisha nikafungua wembe mpya. Mkewe alikuwa mlangoni amejishika kifua. Nilimwinua kidevu mume wake kwa kidole, nikaweka wembe pale chini ya taya, na nikasikia mapigo yake yako taratibu kabisa.

"Huogopi?" nikamuuliza kwa sauti ya kusikika na sisi wawili tu.

"Nikuogope wewe? Umeninyoa siku ya harusi yangu."

"Sasa mbona uliacha kuja?"

Aliningoja nimalize upande mmoja.

"Kura zako ulimtegemea nani?" akaniuliza.

"Wote niliowanyoa. Niliwauliza mmoja mmoja. Wote waliniambia tuko pamoja."

"Uliwauliza lini?"

"Nikiwanyoa."

Nilihisi koo lake likitikisika, nikauondoa wembe haraka. Alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti, macho yamefumba, mpaka povu likamdondokea kifuani.

"Kaka yangu," akasema alipotulia, "nani atakukatalia ukiwa na wembe shingoni mwake? Hata mimi ungeniuliza pale, ningekuambia kura yangu ni yako. Ningeapa kwa mama yangu." Kisha cheko likamwisha. "Ndiyo maana sikuja. Nilijua utaniuliza. Sikutaka kukudanganya."

Nilisimama pale na wembe hewani. Nilikuwa nimemwita mwoga mbele ya watu, mara nyingi, nikichekewa na watu waliokuwa wananidanganya kila siku. Nilimalizia upande wa pili polepole kuliko inavyohitajika, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa machozi na sikutaka kumkata.

Nilipompangusa alijitazama kwenye kioo cha pikipiki, akageuka akanitazama mimi, kichwa changu mwenyewe, nywele za kisogoni zilizorefuka ovyo.

"Na wewe siku hizi anakunyoa nani?"

"Kinyozi hajinyoi," nikasema.

Watu wote waliitikia kwa kicheko, maana methali ikitamkwa na mwenyewe huwa tamu. Hakuna aliyegundua kwamba nilikuwa nimejibu swali. Mke wangu ndiye aliyekuwa ananinyoa, kila Jumamosi, akinisimanga kwamba mimi ni mteja msumbufu. Muuza mbao alitaka kusema kitu, nafikiri aligundua yeye, lakini walikuwa wamekwisha kumnyanyua mabegani na nyimbo zimeanza upya. Nilikusanya vitu vyangu nikaenda zangu.

Kesho yake nilifungua kibanda kama kawaida. Nilifagia, nikamwaga maji mbele kuzuia vumbi, nikatoa kiti cha mbao kutoka chumbani nikakiweka nje pale ilipokuwa benchi, kifunike zile alama. Kutoka njia panda sauti ya Mama Uji ilisikika, imepona, anaita wateja. Nilinywa chai yangu kwenye kikombe changu. Kilikuwa mahali pake, na kilikuwa kisafi.

Mteja wa kwanza alikuwa fundi bomba. Aliingia ameinamisha macho, akakaa, tukazungumza habari za maji kukatika. Nilimaliza kichwa, nikafungua wembe, nikamwinua kidevu.

"Mzee," akasema, ametazama dari, "mimi kura yangu nilikupa wewe. Hao wengine ndio sijui."

Niliuondoa wembe. Nikaufuta, nikauweka mezani mbali na mkono wangu, na nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango wa chumbani.

"Usiniambie kitu nikiwa nimekushika," nikasema. "Ngoja nikumalize. Halafu ukae pale nje kwenye kiti, nikuletee chai, uniambie chochote unachotaka. Hata kama hukunipigia. Hasa kama hukunipigia. Mimi sina ubaya, nataka tu tuzungumze."

Alinitazama kwenye kioo, upande usio na ufa. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelewa. Nikamnyoa ndevu kwa uangalifu mkubwa, nikampaka spiriti, nikampaka poda, nikamfungua kitambaa. Birika nilikuwa nimekwisha kuliweka motoni.

Alilipa. Alisimama kizingitini akakitazama kile kiti, akatazama barabara, akajipapasa kidevu kilichokuwa laini.

"Siku nyingine, mzee," akasema. "Leo nina haraka."

Nilimtazama kisogo chake chenye kovu mpaka kilipokunja kona. Kisha nikaingia ndani kuepua birika.